Pangaboi la Baraza ya Bi Zuhura

Siku nilipovua mkanda wa vifaa kwa mara ya mwisho, mmoja wenu alisema, "Mzee Lukasi, tuandikie hayo unayoyajua, usiende nayo kaburini." Wote mkacheka, nami nikacheka. Nimekaa nyumbani Kwihara wiki sita sasa. Mihogo haihitaji fundi umeme, na mke wangu amechoka kunisikia nikieleza habari za swichi katika nyumba isiyo na swichi hata moja. Basi nimechukua daftari. Lakini nawaambieni mapema, vijana wangu wa karakana, kwamba mkitafuta humu sifa zangu mtalifunga haraka. Kila nikianza kuandika habari za kazi nakutana na jambo moja la aibu limekaa mlangoni, na silipiti mpaka nimelisema.

Nilianza kazi siku ambazo umeme wa Tabora ulikuwa wa mitaa michache: bomani, stesheni, nyumba za Wazungu, na maduka ya Wahindi na Waarabu. Sisi wengine tulikuwa na koroboi na tulilala mapema. Karakana ya Bwana Kanji ilikuwa nyuma ya duka lake, chumba kimoja kirefu chenye harufu ya grisi na mpira ulioungua. Siku ya kwanza nilikuja nimevaa shati jeupe la kanisani. Ujinga mtupu. Kufika saa nne lilikuwa na rangi ya sufuria, na mtu mmoja mfupi alikuwa amekaa juu ya pipa ananitazama kwa furaha kubwa.

"Wewe kabila gani?" akauliza.

"Mnyamwezi."

"Alhamdulillahi! Nimeletewa mpagazi. Beba ile ngazi."

Huyo alikuwa Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja bara kwa gari la moshi akiwa tayari fundi. Mambo ya Wanyamwezi na Wazaramo mnayajua wenyewe. Babu zetu walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakafika kwa Wazaramo wamechoka, wakapewa maji na matusi, nao wakarudisha matusi, na utani ukaota hapo. Mtani hukutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kukasirika. Hukunyang'anya kofia, huingia jikoni kwako akafunua chungu, na siku ukifa yeye ndiye anayekuja kufanya mzaha msibani ili ndugu zako wapumue kidogo.

Kondo ndiye aliyenifundisha kazi, yote. Alinifundisha kupima waya kwa mgongo wa kidole, kwa sababu umeme ukikupiga mkono hujikunja, na kama umegusa kwa upande wa ndani unaukumbatia haukuachii. "Ukifa leo," akasema, "itanibidi niende Kwihara kucheza ngoma kwenye matanga yako, na magoti yananiuma." Alinifundisha kusikiliza pangaboi kabla ya kulitazama. Linalolia kwa sauti nyembamba limekauka mafuta. Linaloguna, mapanga yake hayalingani uzito, na hilo usilipake mafuta, lishushe. Mafundisho yake yote yalikuja yamefungwa ndani ya matusi kama karanga ndani ya ganda, na mimi nilijifunza kubangua. Kwa miaka mingi nilibangua vizuri.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo Bwana Kanji aliipenda kuliko zote: mkono wa mwisho ndio mwenye kazi. Ukikuta kitu kimeharibika, hakuna kuuliza kilifungwa na nani mwaka juzi. Aliyekigusa mwisho anajibu. Ilikuwa sheria ya kuzuia mabishano, na kweli ilizuia, kwa maana hakuna aliyependa kugusa kazi ya mwenzake. Kondo peke yake ndiye aliyegusa kazi za watu wote.

Vita vilipokwisha na vitu vikaanza tena kufika kwa gari la moshi, tuliitwa nyumbani kwa Bwana Nassor, mfanyabiashara wa nta na asali, katika nyumba zile za Waarabu wa zamani zenye milango mizito. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa na pumu. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, mnajua Tabora inavyokuwa: joto linakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Ndani alikuwa hapumui. Kwa hiyo alihamishia maisha yake kwenye baraza ya nyuma, iliyoezekwa mabati lakini wazi pande tatu, na hapo alikaa mkekani tangu alfajiri akishona kofia za viua. Kofia zake zilikuwa zinaagizwa na watu mpaka Ujiji. Mkono wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe, yeye huku anakutazama usoni na kuongea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa upepo?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi nisikilize. Mwanangu Nassor anasema yako mapangaboi ya namna mbili dukani, nikachague. Mimi vyuma sivijui, na mpaka dukani kifua hakinifikishi. Nakuachia wewe. Nichagulie litakalodumu hapa nje. Sitaki zuri, nataka la kudumu."

Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini vile, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, kifua kimevimba.

Dukani kulikuwa na mapangaboi mawili kweli. Moja lilikuwa la rangi ya majivu, mapanga ya bati nene lililopakwa rangi pande zote, na mota yake imefunikwa juu na chini hata siafu asingepata pa kuingia. Lilikuwa na sura mbaya, Mungu anisamehe, kama sufuria iliyofunikwa ikatiwa mabawa. La pili lilikuwa la sebuleni. Mapanga yake yalikuwa ya mbao nyembamba zilizogundishwa moja juu ya nyingine, yamepigwa vanishi yanang'aa, na kiuno cha shaba. Ukilitazama unajiona uso. Mota yake ilikuwa na matundu juu ya kupumulia, na matundu ya juu ndani ya nyumba hayana neno, bali barazani ndiyo yanayokaribisha mvua na vumbi.

Nililijua hilo. Tuseme nusu yangu ililijua, na nusu nyingine ilikuwa inawaza wageni wa Bwana Nassor watakaopita kwenda kumsalimu mama, wainue vichwa na kuuliza, nani amefunga kitu hiki? Nilitaka jibu liwe Lukasi. Ndiyo sababu, wala hakuna nyingine.

Nilipolibeba lile la mbao kutoka stoo, Kondo alikuwa mlangoni anakata waya.

"Hilo unalipeleka wapi, mpagazi?"

"Kwa Bi Zuhura."

"Sebuleni?"

"Barazani."

Akaweka koleo chini. "Aah! Mnyamwezi wewe, basi nipime urefu wako nikakutafutie sanda kabisa. Mbao ya ndani na mvua za Unyanyembe! Itakunywa maji mpaka ilewe, halafu itaanguka, nami nitakuja kukuzika pamoja nayo kaburi moja, wewe chini yake juu."

Mafundi wote wakaangua kicheko. Nami nikajibu kama inavyopasa. "Mla nazi, nyamaza. Huko kwenu kila kitu kinaota kutu mpaka akili. Huku bara hatuna bahari."

"Huna bahari, una Januari," akasema. "Rudisha, chukua lile la majivu. Nakwambia mimi mtani wako."

Alinishika bega aliposema hivyo, na bega hilo ndilo ninalolikumbuka. Katika utani hatushikani bega namna ile. Lakini watu walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa na pangaboi zuri mikononi, nikaona ni heri kucheka zaidi. Nikamwambia aende akacheze mdundiko, ngoma ya kwao. Akanitazama kidogo, akaokota koleo lake.

Nililifunga siku ileile. Kazi ya kufunga yenyewe ilikuwa safi, siwezi kusema uongo hata juu ya hilo. Kulabu niliipitisha katika boriti ya mninga mpaka upande wa pili na kuikaza kwa nati. Bi Zuhura alipopata upepo wa kwanza alifumba macho, akashusha pumzi ndefu ambayo hata mjakazi jikoni aliisikia. "Mungu akupe, mwanangu," akasema. Akavuta sindano. Alikuwa ameanza kofia ya harusi ya mjukuu wake.

Mvua zikaja. Mvua ya Tabora haishuki wima, inaingia na upepo ubavuni, inalowesha mkeka, ukuta na chochote kilichoning'inia. Mapanga yale yakanywa. Moja lililokuwa upande wa ua lilikunywa kuliko mengine, likawa zito, likalegea ncha. Pangaboi zito upande mmoja hutikisika, na likitikisika siku baada ya siku hakuna nati isiyolegea. Hayo nilikuja kuyajua baadaye kwa kulishika mkononi. Wakati huo mimi nilikuwa Kaliua, nimetumwa kuunga waya kwenye mashine ya umeme ya kiwanda cha mbao.

Mjumbe alikuja karakana kusema pangaboi la bibi linaguna. Mafundi wengine wakasema, hiyo kazi ya Lukasi, ingoje. Kondo akachukua ngazi akaenda. Akakaza nati, akatazama mapanga, akamwambia Bi Zuhura asiliwashe hata kidogo. Kushusha kitu kile kulitaka watu wawili na siku ile hakuwa na wa pili, kwa hiyo aliahidi kurudi kesho yake. Jioni ile ile kifua kikambana bibi. Walipoona anahangaika, wakaliwasha.

Lilianguka hata sala ya magharibi haijaadhiniwa. Halikumpiga kichwani, kwa rehema ya Mungu. Lilimpiga mkono wa kulia, ule wenye sindano, likavunja vidole vitatu na kifundo.

Nilirudi kutoka Kaliua nikakuta Bwana Kanji ametukusanya. Bwana Nassor alikuwa amesimama kando, hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. Bwana Kanji akauliza nani aliyegusa mwisho.

"Mimi," akasema Kondo.

"Basi kazi yako."

"Nilikaza tu, bwana. Sikulichagua mimi."

"Nani alichagua?"

Mafundi wote walijua, na kila mmoja akatazama sakafu, kwa sababu katika karakana yetu mtu hujisemea mwenyewe. Kondo alinigeukia. Hakunikunjia uso. Akatabasamu hata, akasema polepole, "Mnyamwezi, sema basi. Au umemeza nati?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Angeweza kunitaja, jina langu ni fupi, asingechoka. Alinipa nafasi nijitaje mwenyewe, na akaningoja. Nilitazama viatu vyangu. Nikawaza Bwana Nassor atakavyonitazama, nikawaza jina langu lilivyokuwa linaanza kupendwa mjini. Nawaapia, nilifungua kinywa, na kilichotoka ni kikohozi.

Kondo akangoja tena kidogo. Kisha tabasamu likamtoka. "Haya, bwana," akamwambia Kanji. "Ni Kondo."

Akaachishwa kazi. Mji wote ukasikia kwamba Mzaramo kamvunja mkono mama yake Nassor, na hakuna nyumba iliyomtaka tena apande ngazi. Wiki haikuisha akapanda gari la moshi kurudi kwao. Nilikwenda stesheni. Nilijiambia nitamwambia pale, kisha nitarudi kwa Bwana Kanji niseme ukweli. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake. Nikaanza kwa utani, kwa uoga, nikasema, "Mla nazi, leo unakimbia?"

Akasimama, akanipa mkono, akasema, "Kwa heri, Bwana Lukasi. Nisalimie nyumbani."

Bwana! Tangu tujuane, hakuwahi kuniita bwana. Mtani akikuita bwana, amekutoa katika watu wake, na hakuna tusi linalofika pale. Yale niliyokuja kuyasema yakarudi chini. Gari likaondoka, nami nikarudi karakana kwa mlango wa nyuma, na kwa Bwana Kanji sikusema kitu.

Nilikwenda kumwona Bi Zuhura pia. Hilo nalo sikulifanya kwa ushujaa, nilitumwa kufunga lile la majivu. Alikuwa mkekani, mkono umefungwa vibao, na kofia ya mjukuu iko pembeni imeshonwa nusu. Nilipomaliza akasema, "Yule Mzaramo Mungu amsamehe. Wewe ulinichagulia kitu kizuri, mwanangu, yeye akakiharibu." Nikasema, "Ndiyo, bibi." Maneno mawili. Nimekaa nayo umri wangu wote. Vidole vile havikushika sindano tena, mjukuu akaoa na kofia ya dukani. Lile la majivu lilizunguka juu yake mvua zote, kavu kiangazi na kifuku, mpaka alipofariki kwa ugonjwa wake mwenyewe, na halikuguna hata siku moja.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaosema "kanuni za Mzee Lukasi." Mmezoea kuzisema kwa sauti yangu mkinicheka, nami nilikuwa nafurahi. Pangaboi la nje liwe na mota iliyofunikwa juu. Mapanga yawe ya bati na rangi ipite hadi kwenye ncha, mbao zibaki sebuleni. Usilitundike ukingoni mwa baraza, lisogeze ukutani ambako mvua ya ubavu haifiki. Mtu mrefu akinyoosha mkono asiliguse. Nati peke yake haitoshi, tia pini. Mvua za kwanza zikipita, nenda ukalisikilize hata kama hukuitwa. Hakuna hata moja niliyoitunga. Zote ni za Kondo, nyingine alinitukania nikiwa juu ya ngazi yake, na ile ya mbao aliniambia mlangoni pa stoo akiwa amenishika bega. Nilimwondoa mwenye mali nikabaki na mali yake, na kwa mali hiyo mkaniita mwalimu.

Kondo amefariki mwaka huu. Nilipata habari kwa kondakta wa gari la moshi, Mzaramo mwenzake, wiki mbili baada ya kustaafu. Nikamwambia mke wangu nakwenda arobaini. Akashangaa, maana magoti yangu nayo siku hizi si ya safari. Nilisafiri mpaka pwani, nikapanda lori mpaka Kisarawe, nikauliza nyumba ya marehemu fundi Kondo.

"Fundi?" mtu wa njiani akasema. "Kondo mkulima, unamaanisha. Umeme alikuwa haugusi huyo."

Walinipokea kwa shangwe. Mnyamwezi kwenye arobaini ya Mzaramo! Walikuwa wanangoja mtani, mtani hajaja, na huyu hapa ametoka Tabora nzima kwa miguu yake ya kizee. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakanivua kofia, wakasema nisipochekesha sili. Mjane wake alikuwa amekaa ndani ya mlango. Nikampa pole, akaitikia, akaniuliza kama nilifanya kazi na mumewe. Nikasema ndiyo, alinifundisha.

"Basi utakuwa unamjua yule bibi wa Kiarabu," akasema. "Mpaka anakata roho alikuwa anamtaja. Anasema, ningalilishusha peke yangu siku ile, mke wangu. Anasema, mkono huu umemvunja mama wa watu."

Sikujua kwamba kosa lile alikuwa amelichukua kweli kuwa lake. Miaka yote nilidhani alilibeba kwa ajili yangu tu, huku moyoni anajua si lake. Nililia hapo hapo mbele ya mjane. Kisha nikatoka uani walikokaa watu, nikasimama katikati, nikaomba kimya.

Nikasema, "Jamaa zangu, Kondo hakumvunja mtu. Pangaboi lile nililichagua mimi. Alinikataza, sikusikia. Nililifunga mimi. Tulipoulizwa nilinyamaza, akafukuzwa yeye. Mwizi wa jina lake ni mimi, Lukasi, Mnyamwezi wa Kwihara."

Halafu mzee mmoja akajipiga goti kwa kiganja, akasema, "Loo! Watani hawa!" na ua mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikasema, "Jamani, ni kweli, naapa kwa Mungu," na nilivyoapa na machozi yangu ndivyo walivyozidi kucheka, mmoja akaja kunifuta uso kwa kofia yangu mwenyewe. Nilimtazama mjane mlangoni. Naye alikuwa anacheka, mama wa watu, kwa mara ya kwanza nadhani tangu msiba, na akasema, "Ahsante, mtani. Marehemu angefurahi."

Wakanipakulia ubwabwa nikala.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kunichekea usoni. Someni kwa sauti karakana, na mmoja wenu mwenye mwandiko mzuri anakili ukurasa huu ampelekee mwana wa Kondo, Kisarawe. Pangaboi la baraza ya Bi Zuhura nililichagua mimi na kulifunga mimi. Kondo alinikataza. Huu si utani.